Kamati ya Majogoo Bubu

Sabuni alikwenda kwa Mama Cherehani kufuata suruali tu. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani alikwenda kuiba kuku. Sabuni haibi. Kuiba kunataka mbio, na kifua chake hakimruhusu. Yeye huongea, na watu humpa mali zao kwa mikono yao wenyewe, tena wakimshukuru. Jina lenyewe alipewa na watu waliowahi kumkamata, wakafungua viganja na kukuta wameshika povu.

Alimkuta mama wa watu mbele ya cherehani, suruali iko magotini, analia polepole huku anashona. Uso alikuwa ameugeuza pembeni ili machozi yasidondokee nguo ya mteja.

"Mama, nani amekufa?" Sabuni akauliza, akijivutia kigoda.

"Bado hawajafa. Wako uani. Nenda kawaone."

Uani kulikuwa na majogoo vijana saba, wamejipanga juu ya ubao kwa adabu kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Mbele yao, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alisimama jogoo mzee mwenye upanga mwekundu wa kichwani ulioangukia jicho moja. Alimtazama Sabuni kwa lile jicho lingine, akawika mara moja, kisha akanyamaza kama aliyemaliza kufungua kikao.

Mama Cherehani akamsimulia. Alitaka mitetea ya mayai, basi. Akanunua mayai, akayaweka kwenye boksi lenye balbu kando ya kitanda chake, akawa anayageuza asubuhi na jioni mpaka yakaanguliwa. Yalipoanguliwa, Mungu akamjalia madume matupu. Sasa mwenye nyumba ametuma ujumbe kwamba kelele zimezidi: ikifika Ijumaa jogoo wote wawe wameondoka, la sivyo aondoke yeye na cherehani yake.

"Mwenyewe hajawahi hata kukanyaga hapa uani," alisema, akifuta pua. "Anatuma watu. Mtu anapenda kuwa na kitu ambacho jirani hana, halafu analala kwenye jumba jipya, na chumba kizuri cha uani kwake kinakaa kitupu mwaka mzima kwa sababu haoni mtu wa kumfaa. Mimi nikikosa hapa, nitalala wapi na cherehani?"

"Si uwachinje tu?"

Cherehani ikasimama. "Nimewalea karibu na mto wangu. Wewe unaweza kumchinja mtu uliyelala naye chumba kimoja?"

Sabuni aliwakumbuka watu wawili watatu, lakini akaona si pahali pake. "Na wote saba wanawika?" akauliza.

"Anayewika ni Mwenyekiti, huyo wa kwenye ndoo. Hawa wajumbe sijawahi kuwasikia. Mwenyekiti akiwepo, nani afungue mdomo?"

"Basi mtoe yeye peke yake, yaishe."

"Ukimtoa yeye, mwanangu, ndipo utakapojua." Akakata uzi kwa meno.

Mtu mwingine angeuliza, nitajua nini? Lakini Sabuni alikuwa mtu wa kusema, si wa kuuliza. Katika maneno yote yale masikio yake yaliokota mambo mawili: majogoo wasiowika, na chumba kitupu. Macho yakamwaka. Kwa muda mrefu alikuwa akilala kwenye benchi la kinyozi, miguu ikining'inia, nywele za wateja zikimwingia puani. Chumba chenye mlango wake na ufunguo wake, hicho ndicho kitu pekee ambacho mdomo wake ulikuwa haujawahi kumpatia.

"Mama, futa machozi. Mimi nitawatafutia makao. Sitaki hata shukrani."

Mama Cherehani alimwapisha, mkono juu ya cherehani, kwamba hakuna hata mmoja atakayeonja kisu. Sabuni akala kiapo kwa sauti nene. Akavaa suruali yake, akawachukua wajumbe saba kwenye tenga.

"Na Mwenyekiti je?"

"Huyo niachie. Atakuja mwisho."

Kwa kinyozi, Sabuni aliwaosha majogoo mmoja mmoja, akawapaka mafuta ya nywele mikiani, akawafunga shingoni vipande vya kitambaa chekundu alivyovikusanya chini ya cherehani. Walipendeza, hilo siwezi kulikana. Walivumilia yote bila neno, wakigeuza shingo huku na huku kumtafuta Mwenyekiti.

Wa kwanza kuingia mkenge alikuwa mwenye duka la dawa, bwana mwenye miwani aliyesoma kwa miaka mingi ili asidanganywe na mtu.

"Jogoo wa nini mimi?" alisema. "Nina kazi."

"Ndiyo maana sikuja kukuuzia jogoo," Sabuni akajibu. "Hawa ni Bubu. Mbegu ya ng'ambo. Wamezalishwa kwa ajili ya watu ambao usingizi wao una thamani. Nimepita kwako ninywe maji tu, ninawapeleka kwa mwalimu mkuu mstaafu."

"Yule wa nyumba ya kona? Yeye anapewa kwa lipi?"

"Wanaangalia heshima ya mtu."

Bwana dawa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Robo saa baadaye Sabuni alitoka na saa ya mkononi iliyokuwa ya bwana dawa, tenga likiwa limepungua wajumbe wawili. Mwalimu mkuu mstaafu, aliposikia kwamba muuza vidonge keshapata, alitaka wawili naye, akatoa sanduku lake la ngozi ambalo hajawahi kusafiri nalo. Wote wawili walipewa sharti moja: Bubu hachinjwi. Ukimchinja, baraka ya nyumba inahama naye. Sabuni alilitunga sharti hilo palepale mlangoni. Unaweza kusema alikuwa akitimiza kiapo. Mimi nasema alikuwa akipandisha thamani.

Mwenye nyumba hakufuatwa. Alikuja mwenyewe kwa kinyozi, tumbo likitangulia, na mkewe nyuma.

"Nasikia kuna majogoo wasiowika, na mimi sikuambiwa."

"Mzee, nilikuwa naogopa kukusumbua," Sabuni akasema, akiinama. "Nasikia wewe hupendi kuku."

"Sipendi kelele. Nina mpangaji huko, mshonaji, ananitia aibu mtaa mzima. Hawa hawawiki kweli?"

"Kaa uwatazame."

Mzee akaketi, akawatazama watatu waliobaki. Nao wakamtazama. Kimya. Mkewe akapiga makofi mbele ya midomo yao. Kimya. Mzee akawawikia yeye mwenyewe, sauti ikamtoka vizuri kuliko alivyotarajia. Wajumbe wakapepesa macho.

"Unataka nini?" mzee akauliza, jasho likimtiririka.

"Mimi? Sina tamaa. Pahali pa kulala tu, niwe karibu nao, wasijisikie wapweke."

Na hivyo, kwa sharti lilelile la kutochinja, Sabuni akapata chumba cha uani, bure mwaka mzima, chenye dirisha, kitanda na ufunguo. Aliufunga mlango akaufungua, akaufunga tena. Kazi yake ina kanuni moja: ukishakula, kunja jamvi kabla hawajaamka. Sabuni aliijua kanuni hiyo kuliko jina la babake. Lakini godoro lilikuwa jipya, na mtu aliyelala benchi miaka mingi akigusa godoro jipya, kanuni hukaa pembeni kidogo. Akalala kama mtoto.

Wajumbe nao walikuwa wamekwishamaliza kutafakari. Popote walipogeuza shingo, Mwenyekiti hayupo. Jua lilipokaribia kuchomoza, wa kwanza akajaribu. Sauti ilikwaruza, ikakatika katikati. Hakuna aliyemkemea. Akajaribu tena. Kule kwenye duka la dawa wakasikia, wakaona hawawezi kupitwa; kwa mwalimu mkuu vilevile; na wale watatu chini ya dirisha la mwenye nyumba wakaanza kugombea uenyekiti kwa sauti zote walizokuwa wamejiwekea tangu waanguliwe.

Sabuni aliruka kitandani, akavaa suruali nyuma mbele, akafungua dirisha. Chini ya dirisha alisimama bwana dawa na jogoo kila kwapa, na nyuma yake mwalimu mkuu na majogoo wake wawili, kofia ya kulalia ikiwa bado kichwani. Mlangoni alikuwa mwenye nyumba.

"Wazee wangu," Sabuni akaanza, "hii ni salamu ya shukrani. Mara moja tu, wakifika makao mapya."

Wakawika wote saba, mara moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu.

"Leteni kisu," mwenye nyumba akasema.

"Kisu hakipiti hapa," mkewe akamkatiza. "Baraka ya nyumba unataka ihamie wapi? Si yeye alisema?"

Wote wakamgeukia Sabuni. Akisema hilo ni uongo, watauliza na mengine. Akisema ni kweli, majogoo wanaishi na yeye anabaki nao. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitafuta neno akalikosa.

"Basi saa yangu," alisema bwana dawa, akawaachilia majogoo wake, akaivua mkononi mwa Sabuni. Sanduku la ngozi nalo likaenda, na majogoo wa mwalimu wakabaki palepale.

Mwenye nyumba alikuwa amejiziba masikio kwa vidole. "Atakayewanyamazisha hawa," alipiga kelele kuliko kuku, "chumba hiki ni chake! Mnasikia wote? Ni chake!"

Sabuni alijitahidi. Alibembeleza, akaimba, akawamwagia mtama, akawafunika shuka la kitanda kipya. Waliwika ndani ya shuka.

Ndipo lango likafunguliwa, akaingia Mama Cherehani, utepe wa kupimia shingoni, ndoo mkono mmoja, kapu mkono wa pili. Aliamkia watu wote, wakubwa kwa wadogo. Akapindua ndoo katikati ya uwanja, akafunua kapu, akamtoa Mwenyekiti, akamweka juu.

Mwenyekiti akajikung'uta. Akawatazama wajumbe mmoja mmoja kwa jicho lake moja. Akawika mara moja.

Hakuna aliyejibu. Katibu wa kamati, yule aliyekuwa akiongoza fujo, alianza kudonoa mchanga kama mtu aliyepoteza shilingi.

Mwenye nyumba akatoa vidole masikioni, taratibu. "Wewe ni nani, mama?"

"Mpangaji wako, mwenye kelele. Leo ni Ijumaa, nimeleta ufunguo wa kule." Akamkabidhi. "Huyu atawika mara moja asubuhi. Ukimtoa, hao saba watakuamsha. Chagua."

Mzee alichagua upesi sana. Watu wote walikuwa wamemsikia akiahidi, na mkewe alikuwa ameshaanza kumwonyesha mama dirisha. "Karibu," akasema. "Ukalete mizigo yako."

"Iko nje, kwenye mkokoteni."

Sabuni akachungulia langoni. Kweli, cherehani ilikuwa imefungwa kamba vizuri, godoro juu yake, na lile boksi la balbu. Mkokoteni wa kubebea mizigo haupatikani alfajiri. Huagizwa jana yake. Jana yake, yeye alikuwa bado anawapaka wajumbe mafuta ya nywele.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "ulijua."

"Nilikuambia yote, mwanangu. Ya chumba nilikuambia, ya Mwenyekiti nilikuambia. Tena kwa kulia." Akamtazama. "Suruali umevaa nyuma mbele."

Ufunguo ulimtoka mkononi kwa shida. Mama ilibidi amfungue kidole kimoja kimoja. Kinyozi naye alikuwa amekwishasikia habari zake na ameliingiza benchi ndani. Kwa hiyo, Mama Cherehani alipomwambia kwamba banda la majogoo linahitaji mfagiaji na kwamba kando yake kuna kijistoo kisichovuja, Sabuni akaomba ufagio.

Nilipita pale juzi kuchukua koti langu. Sabuni alikuwa ameegemea ufagio, ananinong'oneza habari za mitetea fulani ya ng'ambo ambayo hutaga bila kula. Nikasogea karibu. Mama Cherehani akatoa pini mdomoni, akamtazama kwa jicho moja juu ya cherehani.

Sabuni akaanza kufagia.