Ghala la Maneno Lafika Shauri Moyo

Redio ya Wanza, mwuza chai wa Shauri Moyo, ilitangaza kwamba ofisi moja ya tafsiri inaunda ghala la istilahi, ili matangazo ya umma yaandikwe kwa maneno ambayo watu wa mitaani wanayaelewa. Wanza huitwa Spika, kwani bila ruhusa yake hupati nafasi ya kusema wala chai.

"Shida haijawahi kuwa maneno," alisema Mukhwana, fundi wa masanduku ya bati aliyebatizwa Nyundo. "Hao wakubwa tunawaelewa sana. Ndiyo maana tuna hasira."

"Wewe unaelewa nini?" Muse akamrukia. Huyu huuza vitambaa Gikomba, jina lake la kijiweni Mizani, na hajawahi kukubaliana na Nyundo hata kwamba leo ni Jumatatu.

Nangila, msichana aliyeketi kati yao na daftari, aliweka kikombe chini. Ghala hilo ndilo lililokuwa likimlisha. Kazi yake ilikuwa kuliwekea kila neno aina yake, nomino au kitenzi au kitu kingine, na kila neno lilihitaji wenyeji wawili waafikiane. Kwa kiherehere chake, aliwaandikisha wazee hawa hawa wawili. Sasa mkataba ulikuwa unaisha, na ofisi ilishamwambia kwamba bila maafikiano hapati mwingine.

"Wazee wangu, leo tumalize tafadhali. Maji ya mfereji?"

"Nomino ya kawaida," Nyundo akasema.

"Kawaida wapi? Weka dhahania! Si ulituambia dhahania ni kitu hauwezi shika? Huko mtaa wa Kware nani ameshika hiyo maji wiki hii?"

"Haya, hongo?"

"Kiunganishi," Mizani akasema. "Bila hiyo, wewe na karani hamuungani."

"Wacha uongo! Hiyo ni kitenzi. Inafanya kazi kuliko karani mwenyewe."

"Oda! Oda!" Spika aligonga birika kwa kijiko. "Na ahadi ya mheshimiwa?"

"Kielezi cha wakati," Nyundo akawahi. "Kesho."

"Cha mahali, wewe! Huko mbele!"

Kijiwe kikaangua kicheko. Nangila hakucheka, alitamani kulia. Ndipo akili ikamjia: wazee hawa hawakuwa na ugomvi na maneno, walikuwa na ugomvi wao kwa wao.

Akamfuata Nyundo kibandani. "Mzee, Mizani amekataa kabisa kwamba hongo ni nomino."

"Amekataa? Basi andika nomino, na uandike kwa herufi kubwa!"

Akavuka hadi dukani kwa Mizani. "Mzee Muse, Nyundo anaapa hongo si nomino."

"Mgonga bati ajue nini? Ni nomino, andika!"

Hivyo hivyo, neno kwa neno, mpaka ghala lake likajaa maafikiano. Akaituma kazi huku akijipigia makofi moyoni.

Kesho yake ofisi ilijibu, naye akausoma ujumbe kwa sauti pale kijiweni: "Wenyeji wako wamekubaliana kwa kila neno. Hakuna watu wa namna hiyo. Tunaamini umewabuni. Tutapiga simu tuwasikie wakijadiliana."

"Mwerevu hajinyoi, mamaa," Spika akasema.

"Wazee, nawaomba," Nangila alisihi. "Bishaneni tu kama siku zote."

Lakini wazee walikuwa wamevimba. "Sisi ni watu wa kubuniwa?" Nyundo alifoka. "Mizani, leo tusimame pamoja."

"Bega kwa bega, ndugu yangu."

Simu ikalia. Nangila akaiweka juu ya benchi, sauti yote nje.

"Hongo ni nomino?" karani wa ofisi ya tafsiri akauliza.

"Nomino," wakajibu kwa pamoja.

"Hakuna anayeona ni kitenzi?"

"Nani huyo? Hata sisi tungemshangaa!"

"Kwani kuna jambo lolote mnalotofautiana?"

"Hakuna," alisema Mizani, mkono begani mwa Nyundo. "Wagombanao ndio wapatanao."

"Asanteni. Tumethibitisha tulichoshuku," karani akasema, na simu ikakatika.

Nyundo alitabasamu. "Umeona, madam? Tumekutetea vizuri."

"Tumemtetea nani?" Mizani akaondoa mkono. "Mimi ndiye nimemtetea. Wewe ulikuwa unarudia tu maneno yangu."

"Maneno yako? Wee Muse, una maneno gani?"

Nangila aliikwapua simu, akapiga ofisini, akaishika katikati ya vinywa vyao. "Endeleeni, wazee! Msinyamaze!"

Hawakunyamaza mpaka jioni. Ofisini hakuna aliyepokea.