Mwenyekiti wa Mezanini

Jumatatu, 3 Machi 2025. Karatina.
Huyu Wakonyo amenizidi! Kila ghorofa ya jengo letu ina mwenyekiti wa wapangaji, na mwenyekiti ndiye hushika ufunguo wa choo. Huku chini ni yeye, muuza yunifomu, aliyenishinda kwa kura mbili. Leo nimeomba ufunguo. Akaniuliza, mbele ya wateja wangu wa viatu, ati ni haja gani. Haja gani! Mimi Muchiri, baba wa watoto wanne! Nimekimbia hadi choo cha sokoni.

Jumanne, 4 Machi
Dawa yake imepatikana. Dari ya duka langu iko juu sana. Fundi amepiga mbao katikati, ngazi kando, viatu vya watoto juu. Ghorofa mpya! Mpangaji mmoja, mwenyekiti mmoja. Wakonyo amepita akacheka, ati hiyo ni rafu ya kulaza paka. Mshenzi.

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu Seth, aliyefundisha ujenzi hadi kustaafu, amekuja kutafuta gambuti. Amepanda, amegonga kichwa, akaniambia kitu hiki kina jina: mezanini. Ni neno la Kiitaliano, mizizi yake Kilatini, maana yake "ya katikati". Sakafu fupi kati ya ghorofa mbili kubwa. Lina jina! La Roma! Padri mwenyewe hawezi kulipinga. Seth akaendelea na mambo ya kuhesabu ghorofa. Sikuwa na haja nayo.

Ijumaa, 7 Machi
Mkutano wa wapangaji. Nimewasomea maana na asili ya mezanini, yote. Wakonyo akamwita Seth! Naye, kwa upole wa kuudhi, akasema mezanini huhesabiwa pamoja na ghorofa iliyo chini yake. Nikapiga meza. Nikasema ya katikati ni ya katikati, mimi si mpangaji wa chini tena! Wakonyo akamwomba katibu aandike maneno hayo vile vile. Basi nimefutwa kwenye orodha ya chini. Kura sina. Ufunguo hata wa kuomba sina. Seth ati pole. Ampelekee mkewe hiyo pole!

Jumamosi, 8 Machi
Mvua. Sokoni mara nne. Mara ya nne nimechelewa. Siandiki zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikwenda. Kosa langu lilikuwa kujenga kwenda juu. Chini ya sakafu yangu hakuna mtu, na ghorofa ya chini ya ardhi ni ghorofa kamili, simuulizi mwalimu yeyote. Nimechimba kwa sululu tangu asubuhi. Saa nane nimepasua bomba kubwa la maji taka. Jengo zima sasa halina choo. Wakonyo abaki na ufunguo wake! Mimi naendelea kuchimba.