Mto wa Hatua Sitini na Sita

Jumanne, 8 Julai

Wiki ya saba bila Asenath. Mke wangu yuko ng'ambo ya mto kwa kaka yake Silas, kwenye makao mapya ya juu walikohamia watu wote wa hapa baada ya mafuriko. Wote isipokuwa mimi. Nilisema mbele ya kanisa zima kwamba maji hayatafika mlangoni kwangu. Yalifika kitandani. Nilisema pia kwamba sitakanyaga mtumbwi wa Silas maisha yangu yote, na hapa hakuna mwingine unaovusha watu. Hilo la pili bado nalitimiza.

Leo nimepata dawa! Katika sanduku la binti yetu Lois, aliyeolewa Malindi, nimekuta daftari lake la hisabati la kidato cha pili. Pembetatu mraba zinazofanana. Ukiwa na ndogo unayoweza kuipima, utaijua kubwa usiyoweza kuifikia. Nimeisoma sentensi hiyo mara nne. Mpango: nipime upana wa mto bila kuvuka, ninunue kamba ya urefu huo huo, niifunge huku na huko, nijivute kwa mtumbwi mkuukuu wa marehemu baba, usio na kasia. Nitamfikia mke wangu bila kumwomba mtu.

Jumatano, 9 Julai

Kazi inataka pembe mraba. Sina. Nimeng'oa mlango wa nyumba. Kona zake ni za kuaminika, fundi alikuwa shemasi. Nimeubeba hadi ukingoni. Ng'ambo, leso ya bluu ya Asenath ilikuwa imeanikwa kichakani, nikaifanya alama. Nikasimama mkabala nayo. Nikatembea kando ya mto hatua thelathini, nikachomeka kijiti. Hatua kumi zaidi. Nikaulaza mlango, nikafuata kona yake, nikaupa mto mgongo na kwenda mpaka kijiti na leso vikawa mstari mmoja. Hatua ishirini na mbili. Pembetatu kubwa iko juu ya maji, ndogo iko kwenye matope yangu, zinakutana kijitini.

Hesabu: ishirini na mbili gawanya kwa tatu. Mto una upana wa hatua saba!

Nilifurahi dakika kadhaa. Kisha nikautazama mto, na kiboko aliyekuwa katikati, na nafasi iliyobaki huku na huko.

Nyumbani nimekuta nyani watatu ndani, wamemaliza unga. Wageni wangu wa kwanza tangu Mei. Nilichelewa kidogo kuwafukuza.

Alhamisi, 10 Julai

Nimelielewa kosa! Thelathini ya pembetatu kubwa inaandamana na kumi ya ndogo: mara tatu. Basi upana wa mto nao ni mara tatu ya ishirini na mbili, si theluthi yake. Kila upande na ndugu yake. Sitini na sita! Raha iliyoje. Pembe ni zile zile, ila moja imekua na nyingine imedumaa.

Hapo nikaukumbuka ugomvi wetu wa chumvi, mwaka jana. Nilipika mimi. Asenath akasema chumvi imezidi, nikasema haijazidi, nikala sufuria nzima kuthibitisha, nikaugua siku mbili. Ugomvi wa mafuriko ni huo huo, mara tatu. Nilikaa na wazo hilo kidogo. Halina matumizi.

Nikapima tena kwa uhakika, nikianzia pale pale pa jana. Thelathini na moja! Mara tatu: tisini na tatu. Mto umepanuka hatua ishirini na saba kwa siku moja! Nikaketi juu ya mlango. Guyo, mfugaji wa Kiorma anayeleta ng'ombe wake kunywa, akaniuliza ninalilia nini. Sikuwa nalia. Akatazama ng'ambo. "Mzee Levi, mto hapana hama. Nguo ndio nahama." Kweli, leso ilikuwa kwenye kichaka kingine, chini zaidi. Lakini Asenath hafui Alhamisi. Au siku hizi anafua. Mengi yake siyajui tena, na hilo limeniuma kuliko hesabu.

Alama mpya: mkuyu wa ng'ambo. Nikaanza upya, mkabala nao. Sitini na sita.

Ijumaa, 11 Julai

Garsen. Nimeuza jogoo. Asubuhi kutakuwa kimya zaidi.

Kamba nimeipima mwenyewe uani mwa duka la Shukri, kwa hatua zangu za matopeni, si za mjini. "Na ya kufungia, mzee wangu?" akauliza. Nikamweleza pembetatu mraba, kwa kirefu, mpaka wateja wawili wakaondoka. Hisabati ikisema sitini na sita, ni sitini na sita. Akakata.

Nilitamani kumhadithia mtu nilipofika nyumbani. Nimeuhadithia mlango.

Jumamosi, 12 Julai

Dosari ndogo. Kamba ina ncha mbili na mimi ni mmoja. Ya huku nimeifunga kwenye mkindu, fundo la heshima. Ya pili nimeirusha na jiwe. Imekwenda hatua kumi na moja. Mamba akaja kuichunguza. Daftari la Lois halisemi nani anashika upande wa pili.

Silas akaja na mtumbwi wake, hajaitwa. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Akaichukua ncha, akapiga kasia. Asenath alikuwa amesimama ukingoni chini ya mkuyu. Silas akaiinua ncha, Asenath akanyoosha mkono. Kamba ikakaza. Zikabaki hatua tatu. Fundo langu lilikuwa limezimeza.

Akapaza sauti juu ya maji. "Baba Lois! Kamba iache, njoo wewe! Chakula tayari!"

Wiki saba sijaitwa hivyo. Nilitaka kwenda, Mungu anajua. Silas akarudi, akaegesha miguuni pangu, akasogea kunipa nafasi. Nikamwambia vipimo havijakamilika. Akangoja. Nikamwonyesha daftari. Akangoja zaidi, kisha akaenda zake.

Jumapili, 13 Julai

Ibada iko ng'ambo. Upepo umeleta nyimbo, na sauti ya Asenath naijua hata kati ya mia. Nimekula ndizi za jana, zimepoa. Nina upweke leo. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Hata hivyo nimepitia hesabu yote upya na haina kosa. Kosa liko ng'ambo. Mke mwenye mapenzi angeingia majini hatua tatu tu. Mamba wa upande ule si wengi.

Kesho Guyo anakwenda Garsen. Nimemtuma kwa Shukri: kamba, hatua tatu. Guyo akauliza, na ya kuungia je? Nimemwambia tatu kamili, isizidi hata unyayo.