Shule ya Udereva wa Matopeni

Jumatatu, tarehe 3

Binamu kaweka bango jipya ng'ambo ya barabara. Shule yake ya udereva sasa ina magari mawili, yote na kiyoyozi! Herufi nyekundu, kubwa kama milango. Hata gari langu lina kiyoyozi. Kioo cha nyuma hakipandi tangu mwaka juzi.

Mwanafunzi niliyebaki naye ni mmoja tu: mkunga mstaafu anayekanyaga breki akiona hata kivuli. Mtaa mzima unamwita Bibi Breki.

Jioni Binamu alikuja na tabasamu la mtu aliyeshiba. Alisema sisi ni damu moja, nifunge tu shule yangu nikafundishe kwake, sare atanipa yeye. Anataka jibu Jumamosi. Mke wangu alisema nishukuru Mungu. Nikasema nitatafakari.

Sikutafakari. Nilikwenda kunyolewa. Kwa kinyozi nikakuta jarida kuukuu la ufundi, na ndani yake gari lisilo na magurudumu! Limelalia mapipa mawili marefu, kila pipa limezungushiwa bamba la chuma mfano wa parafujo. Mapipa yakizunguka, gari linajisokota mbele. Linapita kwenye matope. Linapita kwenye theluji. Likifika majini linaelea, linaendelea na safari!

Nyuma ya shule yangu kuna nini? Tope, mpaka macho yanapokomea. Nani hapa mjini anafundisha kuendesha gari la tope? Hakuna!

Nilitoka mbio nimenyolewa upande mmoja.

Jumanne, tarehe 4

Kwa shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea. Nilimchorea mtambo sakafuni kwa chaki. Aliuliza unakwenda wapi. Nikasema popote pasipo na barabara. Akasema huko hakuna anayekwenda. Nikasema ndiyo maana hakuna foleni.

Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini shemeji hawezi kuona mapipa mawili yamelala bure. Kufikia adhuhuri cheche zilikuwa zinaruka.

Tatizo dogo: injini mbili zinahitajika, moja kwa kila pipa. Shemeji anayo moja, ya pampu ya maji. Ya pili nimeshaijua ilipo. Iko kwenye mashine ya kusaga ya mke wangu. Nitaiazima. Kumwambia si lazima, ana mambo mengi kichwani.

Jumatano, tarehe 5

Mhadhara wa bure shuleni: historia ya gari la parafujo. Watu walijaa! (Mvua ilikuwa inanyesha na bati langu halivuji sana.)

Nilianza na Wagiriki wa kale walioinulia maji kwa parafujo. Nikaja kwenye matrekta ya karibu miaka mia iliyopita, yaliyovuliwa magurudumu yakavishwa mapipa ili yapite kwenye theluji. Nikawaeleza jinsi Warusi walivyounda la kwao la kuwafuata wanaanga wakitua vichakani na kwenye vinamasi. Wanaanga! Bibi Breki alipiga makofi. Wengine walikuwa wamelala.

Binamu alikuwa amekaa nyuma, anatafuna njugu. Akanyoosha mkono kwa adabu zote.

"Binamu, kama ni zuri hivyo na ni la zamani hivyo, mbona hatulioni barabarani?"

Swali la kijinga. Jarida linalo jibu, kwamba kwenye ardhi ngumu linakwenda kwa taabu, linakwangua njia na kunywa mafuta kama ngamia. Lakini ukurasa huo nilikuwa nimeuruka. Nikamjibu kwamba ni wivu wa wenye magurudumu.

Alhamisi, tarehe 6

Mke wangu kagundua. Asubuhi wateja walipanga foleni na ndoo za mahindi, akachukua kamba ya kuwashia, akabaki nayo mkononi: injini haipo. Alinijia karakanani kwa shemeji bila kupiga kelele. Mke wangu akipiga kelele, nyumba ina amani. Akinyamaza, tafuta pa kulala.

Alisema injini irudi Jumamosi, ama sivyo nianze kusaga mahindi kwa meno. Nilimwahidi kwamba Jumamosi atakuwa mke wa mtu aliyeweka historia.

Nimelala karakanani. Shemeji anakoroma kama injini ya pampu.

Ijumaa, tarehe 7

Limekwenda! Limekwenda! Limekwenda!

Tuliliburuta hadi kwenye tope, tukawasha. Moshi, mtikisiko, kisha likaanza kujisokota taratibu kama mamba mwenye heshima zake. Vishikio viwili tu vya kuongozea: kimoja cha pipa la kulia, kimoja cha kushoto. Tulipita matete, tukaingia majini, likaelea! Shemeji alinikumbatia. Nililia. Nitasema tope liliniingia machoni.

Bibi Breki aliomba naye aendeshe. Ajabu! Mama yule aliyeogopa kivuli cha nguzo alikata tope akiimba. Alisema huku hakuna wa kumgonga. Nikamwambia kesho ataendesha mbele ya mji mzima.

Shemeji aliuliza breki tutaweka wapi. Nikamwambia tope lenyewe ni breki.

Jumamosi, tarehe 8

Mji mzima ulikuja. Binamu alikuja na sare yangu imekunjwa kwapani, fedhuli yule.

Bibi Breki alivuka tope kwa madaha. Vigelegele! Mke wangu alitabasamu, niliona kwa macho yangu. Hapo ningesema basi. Badala yake nikapaza sauti Bibi Breki apande barabarani, aje mpaka mlango wa shule.

Lilipogusa lami, lilipiga ukelele wa bati. Bibi Breki akashtuka, mguu ukatafuta breki. Hakuna breki! Akavuta kishikio kimoja kwa nguvu zote. Mapipa, ambayo huzunguka kwa kupishana, yote mawili yakaanza kuzungukia upande mmoja, na gari likaacha kwenda mbele. Likaanza kwenda ubavu. Kama kaa! Binamu aliruka mtaro na sare yake. Gari likavuka barabara likibingirika juu ya mapipa yake, likalipita bango la Binamu bila kuligusa, likageuka, likavuka tena, likaingia ofisini kwangu kupitia ukutani.

Kisha sauti ya Bibi Breki kutoka ndani: "Mwalimu, nimefaulu?"

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Ukuta haupo. Mhandisi wa manispaa alipiga picha mikwaruzo ya lami, akasema lami hiyo nitaitengeneza mimi. Wa kwanza kuondoa matofali alikuwa Binamu. Aliondoa mpaka jua likazama, na hakunicheka hata mara moja. Iliniuma kuliko ukuta.

Nilivaa sare. Inanibana makwapani.

Jumatatu, tarehe 10

Siku ya kwanza kazini kwa Binamu. Kiyoyozi kweli kinapoza. Injini imerudi, mke wangu anasaga na ananisemesha. Bibi Breki naye kahamia huku. Leo hajakanyaga breki hata moja, nilizikanyaga zote mimi.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, kama mtu mzima. Kosa langu nimeliona. Parafujo, magurudumu, yote ni mamoja: yanagusa ardhi! Mwanafunzi mmoja ameniambia kuna chombo kinachoelea juu ya upepo kinaoupuliza chenyewe, hakigusi lami wala tope wala maji. Kinahitaji turubai na feni kubwa tu.

Darasani kwa Binamu kuna feni kubwa. Asubuhi haitumiki.