Alama Kumi Kutoka Chini ya Meza

Jumatatu, 3 Machi
Nimeula! Bosi amenifanya Mkaguzi Mkuu wa skrini yetu mpya ya pande tatu, ile isiyohitaji miwani. Ofisi ina dirisha. Kiti kinazunguka. Mpinzani wangu, fundi tunayemwita Rula, alinipongeza kwa meno tu.
Kuna jambo dogo. Jicho langu la kushoto ni bovu tangu utotoni, na picha hizi hutokeza kwa mwenye macho mawili mazima tu. Wenzangu wakisema samaki wa kwenye picha ametoka nje ya kioo, mimi namwona amelala palepale, bapa. Bosi hajui. Wala hana haja ya kujua.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu imepatikana. Dada wa mapokezi huitwa kujaribu picha, nami nakaa nyuma yake. Akishtuka, nashtuka. Akiinama, nainama. Leo mpira wa kwenye skrini ulirushwa kwetu, nikainama hadi paji la uso likagonga meza. Bosi akasema hajapata kuona mkaguzi mwenye hisia kali namna hii. Kina cha picha nimekipa tisa kwa kumi.
Mke wangu ameuliza uvimbe umetoka wapi. Nikamwambia ni kazi.

Jumatano, 5 Machi
Rula ana wivu! Ameniuliza mbele ya watu mpira ulifika umbali gani kutoka puani kwangu. Nikajibu kwa macho makavu: shubiri mbili. Akaandika. Anaandika nini huyu?

Alhamisi, 6 Machi
Nimepatikana. Rula alizima kina cha picha kimyakimya, skrini ikabaki kama televisheni ya kawaida. Dada wa mapokezi akapiga chafya. Nikadhani mpira! Nikajitupa chini ya meza. Kuchungulia, wote wameketi, wananitazama. Rula akauliza naipa skrini alama ngapi. Kumi, nikasema, nikiwa kulekule chini.
Kwa bosi nilikiri yote. Nusura nilie. Kiti nilishakiaga moyoni.

Ijumaa, 7 Machi
Maajabu! Bosi anasema wapo wateja wenye macho kama yangu, na hatukuwafikiria. Rula ataongeza vivuli, na picha igeuke mtu anaposogeza kichwa, ili nasi tufaidi. Kiti nabaki nacho! Kazi yangu ni moja: Jumatatu niketi mbele ya skrini, niseme kweli kwamba sioni, Rula ajue pa kuanzia. Nilimwapia bosi.
Lakini Mkaguzi Mkuu asiyeona kitu? Mbele ya watu wote? Hata!
Jioni mke wangu amenirushia mito ya kitanda nifanye mazoezi, nami nainama vizuri sana. Dada wa mapokezi ameahidi kukohoa Jumatatu kabla ya mpira kuja.