Kuhusu Kifua Changu Kudaiwa Kumpigia Mluzi Dada wa Mihuri

Kwa Bwana Mkuu wa Ofisi,

Salamu zikufikie huko ghorofani kwenye hewa safi. Sisi wa masjala, chini huku, tunavuta vumbi la mafaili na tunashukuru.

Nimepokea barua yako ya onyo isemayo kwamba ninampigia mluzi mfanyakazi wa kike saa za kazi, na kwamba Jumatatu nahamishiwa bohari. Bwana Mkuu, midomo yangu haina hatia. Anayepiga mluzi ni kifua. Wiki ya sita sasa nakohoa, na nikimaliza kukohoa pumzi inatoka na filimbi, fiii, kama birika. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Tarishi wetu, tunayemwita Redio, ndiye chanzo. Siku dada wa mihuri alipopita nami nikabanwa na kikohozi, Redio alisimama katikati ya chumba akatangaza kuwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Watu wazima, wenye vyeti vyao, wakapiga makofi! Tangu lini methali ikawa kipimo cha hospitali?

2. Nilikwenda zahanati. Makohozi yamepimwa, picha ya kifua imepigwa, safi. Daktari akauliza kinanibana saa ngapi. Nikasema ukweli: saa tatu anapoleta mihuri, na saa nane anapoirudisha. Akaweka kalamu chini, akaniangalia weee, kisha akaandika "vumbi". Ni vumbi gani linalofuata ratiba sijui, lakini cheti ni cheti na nimekiambatanisha.

3. Uvumi umemfikia shangazi yangu. Hakunipa pole, hakuuliza nimemeza dawa gani. Kasema lisemwalo lipo, akaulizia ukoo wa binti.

4. Naomba basi utoe waraka: kila dada wa mihuri apitapo, wafanyakazi wote ishirini na watatu wakohoe kwa pamoja, ili changu kisijulikane.

5. Namba nne naifuta. Nimemfikiria mhasibu akimkoholea dada wa watu, roho ikaniuma. Asikohoe mtu! Nitakohoa mwenyewe.

6. Bohari ina madirisha manne na upepo tele. Mgonjwa wa kifua akipelekwa penye hewa ghafla anaweza kudhurika. Niacheni na vumbi langu, tumeshazoeana.

Wasalimie wa mapokezi, dereva na mama wa usafi. Mhasibu msalimie kidogo. Redio usimsalimie, atatangaza.

Nabaki chini yako kwa heshima, kwa kadiri pumzi inavyoruhusu,

Karani wa mafaili,
meza ya tatu kutoka mlangoni, ile inayopitiwa na mihuri

Nyongeza: Barua hii imelala mezani siku tatu kwa sababu nimepona. Dada wa mihuri aliniletea chupa ya dawa kutoka kwa mama yake. Vijiko viwili tu, kifua kikatulia kama maji mtungini. Leo saa tatu amepita, mimi kimya. Akarudi hatua mbili nyuma, muhuri mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini mbona leo simkoholei. Haki ya Mungu, nilikohoa. Nilikohoa kwa makusudi, na mluzi nikaupiga kwa mdomo. Onyo lako, Bwana Mkuu, nalipokea, na Jumatatu nitahamia bohari bila ubishi. Ameshaniuliza kama huko nako kuna kazi ya mihuri.