Ombi la Kuletewa Daktari wa Ganzi Aje Kukanyaga Cherehani

Ndugu Mganga Mkuu,

Pokea salamu zangu, wewe na wote walio chini yako, hasa yule muuguzi wa wodi ya wazazi mwenye sauti ya kengele.

Mimi ni fundi wa sare za shule. Wiki sita na siku mbili zilizopita nilijifungua hapo kwako kwa upasuaji. Daktari wa ganzi alinichoma sindano ya mgongo, nikafa ganzi kuanzia kiunoni kushuka, mtoto akatoka salama, kilo tatu na nusu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini aliniahidi ganzi itaisha baada ya saa nne. Mguu wa kulia ulitii. Wa kushoto hadi leo haujapata habari.

Kila asubuhi naupima kwa tepu yangu ya kazi na kuchora mpaka kwa chaki. Wiki ya kwanza ganzi ilifika sentimita arobaini na mbili kutoka kisiginoni. Sasa ni kumi na nane, na imegoma hapo, leo siku ya kumi na moja. Muuguzi aliniambia, "Mama, mishipa ya fahamu haina haraka, vuta subira." Subira ninayo mimi. Shule hazina: zinafunguliwa baada ya siku ishirini, nami nimeahidi sare sitini.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Cherehani yangu ni ya miguu, na mguu wa kushoto ndio breki. Usipoihisi pedali haujui kusimama. Juzi nilianza na mfuko wa shati, nikapitiliza hadi kwenye kola, nikamalizia kwenye gauni nililovaa. Nilipoinuka, shati la darasa la tatu lilikuwa linaning'inia tumboni. Mama mkwe akauliza kama huyo ndiye wa pili.

2. Nilirudi kutoka sokoni na ndala moja bila kujua. Watu walinipisha njia kwa heshima wanayopewa wendawazimu.

3. Sindano tatu nilizozitafuta tangu Jumanne nilizikuta Ijumaa, kisiginoni. Sasa mama mkwe anataka kuchomeka na za kwake, eti hapo hazitapotea.

4. Mume wangu, ambaye ni mwashi, alijitolea kukanyaga. Alijikunja chini ya meza, mimi juu nikiongoza kitambaa. Alikata mkanda wa cherehani na kuharibu suruali mbili, kisha akatoka huko akisema, "Mke wangu, mimi najenga kuta. Kuta hazikimbii."

5. Simbebi mtoto nikitembea. Namba hii haina maelezo.

Basi nimekaa nikapiga hesabu. Mguu uliopotea ni mmoja. Aliyeupoteza ni mmoja, naye anayo miwili, yote mizima, nilimwona akitembea. Kwa hiyo naomba aje kwangu kila siku, saa mbili asubuhi hadi saa sita, akae chini ya meza anikanyagie kwa mguu wake wa kushoto. Sare tatu kwa siku, siku ishirini, sitini kamili. Mapumziko ya Jumapili, kama unavyoona, hayamo. Mguu wake wa kulia sina haja nao. Anaweza kuendelea kuutumia hospitalini.

Ikiwa hamwezi kumkosa, hamishieni chumba cha upasuaji kwangu. Wagonjwa watasubiri barazani, nina benchi la watu watano, na nyuzi za kushonea hazijawahi kunipungukia.

Nisalimie wauguzi, walinzi wa getini na mama anayefua mashuka. Mume wangu anawasalimu, mtoto anawasalimu, mguu wa kulia unawasalimu. Wa kushoto hauna la kusema.

Ni mimi, mwenye mguu,
Fundi wa Sare

N.B. Nilipokuwa nakunja barua hii, mtoto niliyempakata amekojoa. Mkojo umeteremka hadi mguu wa kushoto, nami nimeuhisi, wa moto, katikati ya kidole gumba na cha pili! Nimepiga ukelele hadi mama mkwe akaja mbio na mwiko. Daktari asije, kama ameshatoka, ageuze. Namba moja hadi nne zifuteni. Ya tano nitaifuta mwenyewe, ila fundi hupima mara mbili: nimempa mtoto ziwa tena, nasubiri.